Mguu wa Klachi

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa nimeketi kwenye kigoda, nje ya nyumba yetu ya Kaloleni, na hakukuwa na gari. Baba aliweka ndara mbili chini mbele yangu. Ya kushoto ilikuwa klachi, ya kulia mafuta. Breki tungeiongeza baadaye, alisema, kwa sababu kusimama hakumshindi mtu. Kazi yangu ilikuwa kuinua mguu wa kushoto polepole huku wa kulia ukishuka. Yeye alichuchumaa mbele yangu, viganja vyake vikiwa chini ya nyayo zangu, akipima. Nikiinua haraka alisema, "Imezima," tukaanza upya. Nilikuwa na miaka kumi. Majirani walipita na ndoo za maji, na mmoja wao kila mara aliuliza, "Dere, leo mmekwama wapi?" Baba, bila kugeuka, alimjibu kwamba tuko foleni.

Alikuwa dereva wa ofisi. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliwaendesha wakubwa, mmoja akistaafu anakuja mwingine, na jioni aliliosha gari, akaliegesha, akatundika funguo kwenye msumari wa ofisi, kisha akarudi Kaloleni kwa miguu. Nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni jambo la kawaida, kwamba dereva ni mtu anayetembea. Baadaye nilipomuuliza kama hakuwahi kutaka gari lake mwenyewe, alinijibu upesi mno, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni siku nyingi. Alitaka gari la milango miwili, la chini, lenye injini ya kusikika. Nikamwuliza kwa nini la mbio, mtu wa umri wake. Akasema, "Kwa sababu halina kiti cha nyuma. Hakuna mahali pa bosi."

Mama yangu alikuwa ameshafariki wakati huo. Tulibaki wawili, na baba alipostaafu tukahamia Njiru, kwenye nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesoma falsafa, na nilikuwa nimepata kazi ya kuhariri ripoti katika ofisi moja mjini. Mimi ni mtu wa kuuliza. Kanisani niliacha kwenda kwa sababu mchungaji alichoka kunijibu, au mimi nilichoka kujibiwa, sikumbuki ni nani alianza. Baba hakunigombeza kwa hilo. Alisema tu kwamba nimesomeshwa ili niulize, kwa hivyo hawezi kulalamika ninapouliza. Tukakubaliana kuunganisha alichokuwa nacho na nilichoweka mimi, tukatafute gari lake.

Kwenye yadi moja ya magari tulikuta mawili ya aina ileile, yaliyotumika Japani, ya milango miwili, yamekaa bega kwa bega. Jekundu lilikuwa la gia za mkono. La kijivu lilikuwa na giaboksi ya klachi mbili.

Kwa asiyezijua giaboksi hizi, zinafanya kazi hivi. Ndani kuna klachi mbili. Moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne tayari inasubiri upande wa pili, na kompyuta inabadilisha kabla hujamaliza kufikiria. Dereva hana kanyagio la klachi. Ana mafuta na breki, basi. Mguu wa kushoto unakaa tu.

Tuliyajaribu yote mawili, muuzaji akiwa kwenye usukani kwa sababu hakuruhusu wateja kuendesha kabla ya kulipia. Baba alipotoka kwenye la kijivu alizunguka mbele yake, akaweka mkono juu ya boneti, akasema, "Hili."

Sikuamini masikio yangu. Huyu ndiye mtu aliyeniambia utoto wangu wote kwamba gari la otomatiki ni lifti, unaingia, unabonyeza, unapelekwa. Nilidhani muuzaji amemvuruga akili. Nikasema tusiamue pale pale, twende tukale kwanza, na nikampigia fundi simu atukute Soko la Burma.

Fundi huyo alikuwa rafiki wa baba tangu ujana. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba za Kaloleni, karibu na ukumbi wa mtaa, na mimi nilimwita anko. Pale Burma tuliketi kwenye benchi, nyama ikakatwa mbele yetu juu ya ubao, chumvi pembeni, ugali na kachumbari. Baba alikaa mwisho wa benchi, mguu wa kushoto ameunyoosha njia ya watu, hata mhudumu akamwomba radhi mara mbili kwa kuuruka. Nilimwambia aukunje. Akasema benchi ni fupi.

Kisha nikaanza. Nilikuwa nimesoma kuhusu hizo giaboksi kwa wiki nzima, kwa hiyo niliuliza nikijua majibu. Foleni ya Jogoo Road asubuhi, gari likitambaa hatua mbili linasimama, klachi zile zinapata joto, zitadumu miaka mingapi? Gari limetumika, nani anajua kama mafuta ya giaboksi yalibadilishwa kwa wakati? Na hapa Eastlands, nani atazuia mtu asimwage humo mafuta ya otomatiki ya kawaida, kwa kuwa ndiyo yaliyopo dukani, na kwa kuwa amefanya hivyo kwa kila gari lingine maishani mwake?

Baba alijitahidi. Alisema ile ya klachi mbili haikosei gia. Nikamwuliza tangu lini yeye anakosea gia. Alisema inabadilisha haraka kuliko mkono. Nikamwuliza ana haraka ya kwenda wapi, amestaafu. Fundi alicheka hadi akashika tumbo. Baba alisema teknolojia imesonga. Nikamwambia hiyo si hoja, hilo ni tangazo la biashara.

"Anko, wewe sema," nikamgeukia fundi. "Ikiharibika, utaifungua?"

"Kufungua nitafungua," fundi akasema, akiramba chumvi kidoleni. "Kufunga ndiyo sijui. Dere, hiyo kitu ikileta noma huku kwetu, utapaki na uanze kufugia kuku."

Nikamalizia na ile niliyoiweka akiba. Nilimwambia baba kwamba ameendeshwa na amri za watu maisha yake yote, nenda huku, simama pale, ngoja. Sasa amepata gari lake, halafu anataka kompyuta imwamulie gia. Nani atakuwa anaendesha?

Nilijivunia sana swali hilo. Ninakumbuka hata nilivyoegemea nyuma baada ya kulisema, nikasahau kwamba benchi haina mgongo, nikashika meza.

Baba alitazama nyama. Akachukua kipande kidogo, akakiweka tena.

"Sawa, mama," akasema. "Wewe ndiye umesoma. Tuchukue jekundu."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akiniita hivyo ilimaanisha jambo limekwisha.

Jekundu lilifika Njiru siku ya Jumamosi. Majirani walitoka kuliangalia. Baba alifungua mlango, akaingia, akarekebisha kiti, akarekebisha vioo vyote vitatu, akashika usukani kwa mikono miwili. Alikaa humo kitambo. Halafu akatoka akaniambia niliendeshe mimi kwanza, gari lililokaa yadi linahitaji mkono mmoja ulizoeshe. Nikaona ni ukarimu.

Wiki iliyofuata miwani yake haikuwa sawa. Iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha na barabara yetu ya udongo ilikuwa matope, hakutaka kulianza gari lake kwenye matope. Halafu viatu vyake vilikuwa na soli nene. Hilo la viatu lilinishangaza, kwa kuwa viatu hivyo nilikuwa nimeviona mlangoni, na cha kushoto soli yake ilikuwa imelika mbele, kwenye vidole, mpaka ngozi ikaonekana. Cha kulia kilikuwa kizima. Nilipoviona nilijiambia viatu vya siku hizi havina maana, nikapita.

Kwa hivyo kila Jumapili niliendesha mimi, yeye akaketi kushoto. Alisikiliza injini akaniambia ni lini nibadilishe gia, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mwanzoni nilifurahi. Baada ya miezi miwili nikaanza kuudhika. Nilikuwa nimetoa nilichokuwa nacho ili mtu huyu aendeshe gari lake, naye kila Jumapili anazunguka upande wa abiria bila hata kusita. Siku moja, tukitoka Ruai, nikamwambia. Nilimuuliza, "Kwani nawe umekuwa mkubwa wa ofisi? Uliniingiza kwenye hili gari ili uendeshwe?"

Alicheka kidogo, pumzi tu ya puani. Akatazama nje. Hakuniambia tena ni lini nibadilishe gia mpaka tukafika nyumbani, na mimi, nikiwa nimekasirika, nilifurahia ule ukimya.

Nimesema maneno mengi maishani ambayo ningeweza kuyatetea. Hayo siwezi.

Asubuhi ya Jumamosi moja nilikwenda dukani kununua maziwa. Niliporudi, lango letu lilikuwa wazi kidogo, na kabla ya kulisukuma nikamwona. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, mlango uko wazi, injini imezimwa. Alishika suruali yake kwenye goti la kushoto, akauinua mguu kwa mkono, akauweka juu ya klachi. Kanyagio lilishuka nusu, wayo ukateleza, ukaanguka pembeni. Akauinua tena. Safari hii ulikaa, lakini ili ukae ilibidi mkono wa kushoto ubaki gotini ukiusukuma, na mkono wa kushoto ndio wa gia. Nilimwona akiiangalia gia. Akauachia mguu ili aishike, na mguu ukaanguka.

Alifanya hivyo mara nne au tano, bila hasira, kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine kwenye kufuli. Nilirudi nyuma hatua chache barabarani, kisha nikaja tena nikipiga lango kwa nguvu na kumsalimia mtu ambaye hakuwepo. Nilipoingia alikuwa amesimama kando ya gari na kitambaa, akifuta kioo kisichokuwa na vumbi.

Ningeweza kunyamaza, na labda ndivyo mtu mwingine angefanya. Mimi niliweka maziwa chini nikamwuliza ni tangu lini.

"Ni mshipa wa mgongo," akasema. "Ulianza kabla sijastaafu."

"Kabla ya yadi?"

"Kabla ya yadi."

"Baba, mbona hukusema? Pale Burma ungesema neno moja tu."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya boneti.

"Wewe hunishinda kwa maneno kila siku," akasema. "Nami nilitaka nikushinde hivyo mara moja. Nisikushinde kwa mguu."

Nimeligeuza jibu hilo kila upande tangu siku ile. Wakati mwingine naona lilikuwa la kiburi, na kwamba alinitwika lawama ambayo neno moja lingeiondoa. Wakati mwingine naona nililelewa na mtu aliyeheshimu mjadala kuliko mimi niliyeusomea. Pale Burma nilimuuliza maswali mengi, na yote yalikuwa ya kumzuia. Mtu aliyedharau otomatiki miaka yote alikuwa ameitaka ghafla, akiwa amenyoosha mguu kwenye njia ya watu, nami sikumuuliza kwa nini. Nilimkosoa majibu.

Daktari alieleza kwamba mshipa umebanwa, umebanwa muda mrefu, na kwamba upasuaji ungezuia usiendelee kuharibika. Kurudisha kilichopotea hakuahidi. Tukapewa siku ya kurudi, miezi kadhaa mbele.

Nikaenda yadi peke yangu. La kijivu lilikuwa limeuzwa. Nilimsumbua muuzaji mpaka akampigia mnunuzi, kijana wa Buruburu, nami nikaongea naye nikiwa nimesimama kwenye nafasi tupu lilipokuwa gari. Nilimweleza yote. Kubadilishana hakutaka, na sikumlaumu. Lakini alisema baba aje Jumapili yoyote, atampa funguo, aendeshe asubuhi nzima, yeye atakaa nyumbani. Nilirudi Njiru nikiwa karibu kukimbia.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kijana huyo ana wazazi, akasema wamemlea vizuri. Halafu akasema hapana.

Nikaanza hoja zangu. Mguu wa kulia mzima, mikono mizima, gari halihitaji kushoto. Akainua kiganja.

"Mama, nimeendesha magari ya watu miaka yangu yote. Nikimaliza nitundike funguo, nirudi kwa miguu? Hiyo nimeshafanya."

Nikampigia kijana simu, nikamshukuru.

Jumapili iliyofuata tulitoka kama kawaida, mimi kulia, yeye kushoto, tukashika Kangundo Road kuelekea Kamulu. Barabara ilipofunguka nikasikia injini inalia, nikakanyaga klachi, na kabla sijaondoa mkono kwenye usukani nikaona mkono wake wa kulia uko juu ya gia.

"Kanyaga tu," akasema. "Nitaweka mimi."

Hakuwahi maishani kubadilisha gia kwa mkono wa kulia. Alitaka ya tatu akaweka ya kwanza. Nilipoachia klachi gari likarusha matako juu, mimi kwa woga nikakanyaga breki peke yake, na injini ikafa katikati ya barabara, lori nyuma yetu likipiga honi.

"Imezima," nikasema.

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Dereva wa lori alipotupita alituambia jambo kuhusu wazee na magari ya vijana, na baba akampungia mkono kwa heshima zote. Tulianza upya. Kufika Joska tulikuwa tumezoeana. Yeye alisikiliza injini, alisema "sasa", mimi nikakanyaga, gia ikaingia bila sauti, nikaachia. Tuliendesha hivyo Jumapili saba. Hakuna hata moja iliyopita bila yeye kuniambia naachia klachi kwa haraka.

Upasuaji ulifanyika na ulikwenda vizuri, kwa maneno ya daktari. Baba alirudi nyumbani. Mtaalamu wa mazoezi alituagiza tuufanyishe mguu kazi kila siku, kwa hiyo nilimketisha kwenye kiti, nikaweka ndara chini ya wayo wake wa kushoto, nikachuchumaa, kiganja changu kati ya wayo na ndara. Nilimwambia akanyage klachi. Nilisubiri kwenye kiganja changu. Siku nyingine nilihisi kitu, uzito kama wa kuku anayetua, na nikamwambia imeshuka. Sijui kama ilikuwa kweli au nilitaka iwe. Alinitazama, naye pia hakujua.

Wiki ya tatu damu iliganda kwenye mguu ule ule, ikapanda mapafuni. Alifariki adhuhuri, akiwa kwenye kiti hicho. Tulimzika kwao magharibi, karibu na mama.

Watu ninaowasimulia habari za zile Jumapili saba hulainika. Wananiambia, unaona, kama mngenunua la kijivu hamngepata siku zile. Naishuku faraja hii kwa sababu inanifaa mimi mno. Kama tungenunua la kijivu, baba angeketi kulia na kuendesha gari lake mwenyewe hadi Kamulu na kurudi. Mguu wake wa kulia haukuwa na tatizo lolote mpaka siku ya mwisho. Alijua anachokihitaji, alikichagua, alikiwekea mkono, na mimi nikamwondoa hapo kwa ufasaha. Joto la foleni, mafuta yasiyofaa, kompyuta: kila nilichosema kilikuwa sahihi, na bado ningekisema leo kwa mtu mwingine yeyote. Hakikumhusu yeye.

Mwezi uliopita nilipeleka jekundu Kaloleni kwa sababu lilikuwa likitoa mlio kila nikishusha klachi. Fundi alilizunguka, akaingia, akakanyaga mara kadhaa akisikiliza, akatoka anapangusa mikono. Alisema beringi ya klachi inakwisha kabla ya wakati wake, na kwamba hii si kazi ya kilomita, ni tabia.

"Kuna mtu anakanyaga klachi anakaa nayo chini," akasema. "Haweki gia. Anakaa tu. Ni nani, binti yangu?"

Nikamwambia ni mimi. Ninakanyaga, kisha nasubiri.

Aliangalia kiti cha kushoto. Akasema ataibadilisha, lakini nisipoacha itakwisha tena. Nikamwambia nimesikia.